Grafini mezani: hadubini ya Raman au nyingine, na ukichagua Raman, leza ipi?

Anayeanza kufanya kazi na grafini, bapa la kaboni lenye unene wa atomi moja, hukutana na swali la vifaa kabla hajaiona grafini yenyewe. Hadubini ya Raman ina foleni. Ya elektroni ina foleni ndefu zaidi, na saa yake moja inaweza kumaliza bajeti ya mwezi. Ile inayopapasa uso wa sampuli kwa ncha kali, ambayo maabarani tunaiita AFM, mara nyingi iko wazi, ila picha moja nzuri inaweza kula asubuhi nzima. Mwanafunzi wa uzamili hawezi kulipia zote, na msimamizi wake anataka jibu kabla ya mwisho wa muhula.

Ulinganisho huu nimeupanga kwa kufuata sampuli badala ya vifaa, kwa sababu kifaa kinachofaa kipande kilichobanduliwa kwa utepe wa gundi kinaweza kuwa upotevu wa fedha kwa unga wa chupani. Msimamo wangu niutoe mapema: kwa grafini anza na Raman, na kama utapewa leza moja tu, iwe ya kijani, nanomita 532. Vifaa vingine viitwe pale Raman inaposhindwa kujibu. Inashindwa, tena mahali ambapo wengi hawategemei.

## Raman inapima nini

Tarehe 28 Februari 1928, mjini Kolkata, C. V. Raman na K. S. Krishnan waligundua kwamba mwanga unapotawanywa na kimiminika, sehemu yake ndogo sana hutoka na rangi iliyobadilika kidogo. Moscow nako Landsberg na Mandelstam waliona jambo hilohilo kwenye fuwele mwaka huohuo, lakini Nobel ya 1930 ilikwenda kwa Raman peke yake. Tofauti ya rangi ni nishati ambayo mwanga umeiacha katika mtikisiko wa atomi, na kila nyenzo ina mitikisiko yake. Basi hadubini ya Raman ni hadubini ya kawaida ya mwanga iliyounganishwa na leza, kichujio kinachozuia mwanga usiobadilika, na kamera nyeti inayosoma kidogo kilichobaki. Kila unapoelekeza mwanga unapata spektra, yaani mchoro wa vilele.

Grafini ina vilele vitatu vya kukumbuka. G kiko karibu na 1580 cm⁻¹, kipimo cha ukubwa wa badiliko hilo la rangi. Ni atomi za kaboni zikitikisika ndani ya bapa lao. 2D kiko karibu na 2700. D kiko karibu na 1350, na hakionekani mpaka bapa liwe na kasoro, au doa la leza liwe limekanyaga ukingo wa kipande. Mwaka 2006 Andrea Ferrari wa Cambridge na wenzake walionyesha kwamba umbo la 2D linahesabu matabaka. Grafini ya tabaka moja hutoa kilele kimoja chembamba, kisafi, chenye upana wa 25 hadi 30 cm⁻¹. Ya matabaka mawili hutoa kilele kinene ambacho ndani yake vimepandana vinne. Yakizidi matano hivi, spektra inakuwa vigumu kuitofautisha na ya kinywe, yaani grafiti.

Kinywe hicho ndicho hiki cha Mahenge na Lindi, na cha Balama kule Msumbiji: grafini iliyorundikana, tabaka juu ya tabaka, kila moja likiwa nanomita 0.335 kutoka kwa jirani yake. Milimita moja ya kinywe ina matabaka kama milioni tatu. Kazi yote ya maabara ni kujua umebakiwa na mangapi, na yana hali gani.

## Sampuli ya kwanza: kipande juu ya chipu ya silikoni

Hii ni grafini ya njia ya Manchester. Andre Geim na Konstantin Novoselov waliitoa kwenye kinywe kwa utepe wa gundi, wakachapisha mwaka 2004, na Nobel ikafuata 2010. Vipande huachwa juu ya silikoni yenye ngozi ya oksidi ya nanomita 300 au 90, na unene huo umechaguliwa makusudi. Tabaka moja la grafini humeza asilimia 2.3 tu ya mwanga na juu ya kioo kitupu ungelitafuta hadi uchoke, lakini oksidi ya unene huo hufanya mawimbi ya mwanga yapishane namna inayoliongezea kivuli.

Kwa hiyo mshindani wa kwanza ni hadubini ya kawaida ya mwanga, na kwa kutafuta vipande hakuna kinachoishinda. Ni rahisi, haina foleni, na mtu mwenye mazoezi hukisia idadi ya matabaka kwa weusi wa kivuli. Itumie kutafuta. Kuthibitisha ni kazi ya kifaa kingine, maana taa, kamera na unene wa oksidi vikibadilika kidogo kivuli nacho hubadilika.

Mshindani wa pili ni AFM, na hapa ndipo wageni wengi hupotea. Wazo linavutia: pima kimo, gawa kwa 0.335, pata idadi. Uhalisia ni kwamba kimo cha tabaka la kwanza juu ya oksidi husomeka kuanzia 0.4 hadi zaidi ya nanomita moja, kwa sababu kuna maji na uchafu uliofunikwa chini yake, na ncha ya kifaa haiitikii kaboni kama inavyoitikia oksidi. Nanomita moja inaweza kuwa tabaka moja au matatu. Kinachoaminika kwa AFM ni ngazi kati ya tabaka na tabaka ndani ya kipande kilekile. Pia AFM huona mambo ambayo Raman haiyaoni vizuri: mikunjo, viputo, na masalia ya plastiki yaliyobaki juu baada ya kuhamisha sampuli. Ukikusudia kuweka elektrodi juu ya kipande hicho, picha ya AFM si anasa.

Raman inatoa idadi ya matabaka kwa sekunde chache bila kugusa chochote, halafu inatoa ziada ambayo wawili waliotangulia hawana. Vilele vya G na 2D husogea grafini inapovutwa au kubanwa, na husogea pia inapopata chaji za ziada kutoka kwa oksidi au hewa. Vinasogea pamoja, lakini kwa uwiano tofauti: kwa kila hatua moja ya G, mvuto huisogeza 2D karibu hatua 2.2, wakati chaji huisogeza karibu 0.7. Njia hii ya kuzitenganisha ilichapishwa 2012, na gharama yake ni kuchora nukta zako zote kwenye grafu moja, G mlalo na 2D wima. Nashangaa bado kuna ripoti zinazotaja mahali pa G peke yake na kudai kitu kuhusu chaji.

Tahadhari moja kwa wanaopanga matabaka wenyewe. Tangu 2018, kundi la Pablo Jarillo-Herrero pale MIT lilipoonyesha kwamba matabaka mawili yaliyozungushwa kwa nyuzi 1.1 hupitisha umeme bila ukinzani kabisa yakiwa kwenye baridi kali, kila maabara inataka kuzungusha matabaka. Pembe ikiwa kubwa, matabaka mawili hayaitikiani vya kutosha, na 2D yake hutoka kilele kimoja kama ya tabaka moja. Raman pekee itakuambia una tabaka moja, na utaamini. Rudi kwenye hadubini ya kawaida uangalie kivuli, au pima ngazi kwa AFM.

## Leza ipi

Hapa ndipo uamuzi wenye uzito zaidi ulipo, na ndipo watu hukubali chochote walichopewa na fundi wa kifaa. Tarakimu za jedwali hili ni za makadirio. Doa limehesabiwa kwa lenzi yenye NA, yaani kipimo cha upana wa pembe ambayo lenzi hukusanya mwanga, ya 0.9. Nguvu ya mtawanyo imehesabiwa kwa kanuni ya jumla kwamba hupungua kwa kipeo cha nne cha urefu wa wimbi.

| | 488 (bluu) | 532 (kijani) | 633 (nyekundu) | 785 (infraredi ya karibu) |
|---|---|---|---|---|
| Doa dogo kabisa, mikromita | 0.33 | 0.36 | 0.43 | 0.53 |
| Nguvu ya mtawanyo, kijani ikiwa 1 | 1.4 | 1 | 0.5 | 0.2 |
| 2D ya grafini, cm⁻¹ | 2690 | 2670 | 2635 | 2600 |
| Rangi ambapo 2D inaangukia kwenye kamera, nanomita | 562 | 620 | 759 | 986 |

Mstari wa mwisho ndio nisiouona kwenye vipeperushi vya wauzaji, na ndio unaoamua mengi. Kamera nyingi za Raman ni za silikoni, na silikoni hupofuka taratibu kadiri unavyokaribia nanomita 1000. Ukitumia 785, G itaonekana, lakini 2D, kilele kinachohesabu matabaka, inaangukia pale kamera inapokaribia kutoona. Jumlisha na mtawanyo uliopungua mara tano, utakaa dakika nyingi ukisubiri kilele kidogo chenye kelele. Leza hiyo ni nzuri sana kwa plastiki, dawa na sampuli za kibayolojia, kwa sababu inakwepa mng'ao unaofunika spektra zao. Grafini haina tatizo hilo, kwa hiyo unalipia dawa ya ugonjwa usio nao.

Mstari wa tatu nao una mtego. 2D inahama kwa sababu leza imebadilika, na sampuli ni ileile. Mwanga wa Raman katika grafini huchagua elektroni zenye nishati inayolingana na leza, na mtikisiko unaoshiriki hubadilika nazo: 2D hupanda karibu cm⁻¹ 100 kwa kila elektroni-volti (kipimo cha nishati) ya leza, D karibu 50, na G hukaa palepale. Anayelinganisha 2D yake ya 633 na ya mwingine ya 532 kisha kuandika kwamba grafini yake "imevutwa" ameripoti tofauti ya leza.

Uwiano wa D kwa G una tatizo hilo kwa ukubwa zaidi. Uwiano huu ndio kipimo maarufu cha kasoro, tangu Tuinstra na Koenig walipouunganisha na ukubwa wa fuwele mwaka 1970. Kwa kasoro zilezile unakua kwa kipeo cha nne cha urefu wa wimbi, kwa hiyo sampuli moja iliyopimwa kwa 633 itaonyesha uwiano karibu mara mbili ya uliopimwa kwa 532. Ukisoma makala inayotoa uwiano bila kutaja leza, tarakimu hiyo iache ilipo.

Bluu inaonekana kushinda kila safu, basi kwa nini nisianze nayo? Sababu moja ni upatikanaji: maabara nyingi nilizozijua zina kijani, na grafini nyingi iliyochapishwa imepimwa kwa 514 au 532, kwa hiyo kulinganisha ni rahisi. Nyingine ni kwamba kijani haina kasoro ya maana juu ya silikoni. Bluu ina kazi yake maalumu, nayo inakuja kwenye shaba.

Nguvu ya leza ni jambo fupi lakini linaharibu data nyingi. Weka chini ya miliwati moja kwenye sampuli yenyewe, si kwenye kichwa cha leza. G hushuka karibu cm⁻¹ 0.016 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo ukiipasha grafini kwa nyuzi 60 hivi utasogeza G kwa cm⁻¹ nzima, na msomaji wako atafikiri ni mvuto. Jaribio la haraka ni kupima kwa nguvu mbili tofauti; kilele kikihama, punguza. Kwa kusawazisha mhimili, chipu yako ina zawadi ndani yake: kilele cha silikoni kiko karibu na 520.7 cm⁻¹, na unapaswa kukipima kila unapoanza kazi.

## Sampuli ya pili: karatasi ya shaba

Tangu kundi la Rodney Ruoff pale Texas lilipoonyesha mwaka 2009 kwamba metani ikipitishwa juu ya shaba kwenye joto la karibu nyuzi 1000 huacha tabaka moja la grafini juu ya eneo kubwa, grafini nyingi ya vifaa vya elektroniki hutoka kwenye shaba. Swali la sampuli hii ni la usawa: je, eneo lote ni tabaka moja, au kuna visiwa na mashimo?

Hapa hadubini ya elektroni inayoskani uso inapiga hatua mbele ya Raman. Ndani ya dakika chache unaona visiwa vya grafini vikiwa na pembe sita, mikunjo, na madoa meusi ya tabaka la pili, juu ya eneo ambalo Raman ingelihitaji siku. Fanya hesabu: ramani ya Raman ya nukta 100 kwa 100, sekunde moja kwa nukta, ni sekunde 10,000, karibu saa mbili na dakika hamsini, kwa mraba ambao upande wake labda ni mikromita 50. Udhaifu wa elektroni ni kwamba hazikuambii ubora. Kisiwa kizuri na kisiwa chenye kasoro tele hufanana, na miale yenyewe huacha uchafu wa kaboni pale ilipokaa. Ndiyo maana mpangilio mzuri ni elektroni kwa kuchagua maeneo, kisha Raman pembeni ya maeneo hayo, si juu yake, ili usije ukapima uchafu uliouleta mwenyewe.

Na leza? Juu ya shaba kijani inaanza kukusaliti. Shaba ikimulikwa na mwanga wa kijani hutoa mng'ao wake kuanzia karibu nanomita 590 kwenda kwenye nyekundu, na 2D ya kijani inaangukia 620, katikati ya mng'ao huo. Vilele vinaonekana vimepanda juu ya kilima. Kwa 488, 2D iko 562, kabla kilima hakijaanza. Kwa 457 ni safi zaidi. Asiye na bluu huhamishia grafini kwenye silikoni kwa plastiki ya PMMA na kupima huko kwa kijani. Ni halali, ila kumbuka kuwa sasa unapima na kazi ya mikono ya kuhamisha: mipasuko, mikunjo mipya, na plastiki iliyobaki. D ikitokea, hujui kama ni ya tanuri au ya mezani.

Kuna swali ambalo hakuna leza italijibu, la mishono baina ya fuwele. Mwaka 2011 Pinshane Huang na David Muller wa Cornell na wenzao walionyesha, kwa hadubini ya elektroni inayopenyeza sampuli, jinsi fuwele za grafini zinavyoshonana kwa pete za atomi tano na saba badala ya sita. Doa la Raman lenye nusu mikromita halioni mshono wa atomi. Linaona wastani wa kila kilichomo. Ukihitaji atomi, lipia hadubini ya kupenyeza, na uliza inaendeshwa kwa kilovolti ngapi. Kuanzia karibu 86, elektroni zinaanza kung'oa atomi za kaboni kutoka kwenye bapa zima, ndiyo maana wengi hutumia 80 au 60. Ukipewa 200 kwa sababu ndivyo kifaa kilivyowashwa leo, utapiga picha za mashimo uliyoyatoboa wewe.

## Sampuli ya tatu: unga wa chupani

Huu ndio wenye kelele nyingi sokoni na ndio unaoidhalilisha Raman. Mwaka 2018 watafiti waliokuwa na Antonio Castro Neto wa Singapore walichapisha uchunguzi wa sampuli kutoka kwa wazalishaji 60 duniani, na kwa wengi wao grafini halisi haikufika asilimia 10 ya kilichomo. Kilichobaki ni vipande vya kinywe vilivyosagwa. Ukinunua chupa yenye neno "grafini" bila kupima, huenda umenunua kinywe kwa bei ya grafini.

Tatizo la Raman kwa unga ni wastani tena. Doa moja linaangukia rundo la vipande vilivyoelekea kila upande, vingine vimegandana baada ya kukauka, na spektra inayotoka haihusu kipande chochote kimoja. Muuzaji akikuonyesha spektra moja nzuri, ujue alitafuta. Dai spektra nyingi kutoka sehemu mbalimbali za unga, pamoja na leza na nguvu iliyotumika. Raman hapa bado ni nzuri kwa mchujo wa kwanza: spektra ikifanana na ya kinywe, umeshajua bila kwenda mbali.

Kuhesabu matabaka ya unga, AFM inageuka kuwa bora kuliko ilivyokuwa kwa chipu. Unausambaza unga kwenye kimiminika, unadondoshea tone kwenye silikoni, unapima vipande vingi kimoja kimoja, na unaripoti mgawanyo wa unene wao. Kosa la nusu nanomita kwa tabaka la kwanza halikusumbui unapotaka kujua kama kipande kina matabaka matatu au thelathini. ISO, shirika la kimataifa la viwango, nayo, katika waraka wake wa kiufundi 21356-1 wa 2021 kuhusu unga na vimiminika vya grafini, hairidhiki na kifaa kimoja. Inachanganya Raman, AFM na hadubini za elektroni. Kwa istilahi zao, matabaka matatu hadi kumi ni grafini ya matabaka machache. Zaidi ya hapo jina linaanza kupoteza maana.

Oksidi ya grafini nayo ina mtego wake. Spektra yake ina D na G pana, na 2D iliyolala. Watu huiondolea oksijeni, hupima uwiano wa D kwa G kabla na baada, na kutafsiri. Mara nyingi uwiano hupanda baada ya kuondoa oksijeni, na mwandishi hulazimika kueleza kwa nini sampuli "iliyoboreshwa" ina kasoro zaidi. Sababu ni kwamba uwiano huo hauendi upande mmoja tu: kasoro zikiongezeka unapanda, mpaka umbali kati ya kasoro na kasoro unapofika karibu nanomita tatu, halafu unaanza kushuka. Oksidi ya grafini iko upande ule wa pili. Tazama na upana wa G, na kwa swali la oksijeni nenda kwenye XPS, kipimo cha miale ya X kinachosoma vifungo vya kaboni moja kwa moja. Kwa oksidi, nikilazimika kulipia kipimo kimoja tu, nalipia XPS.

## Nyenzo nyingine, kwa haraka

Salfidi ya molibdeni, MoS₂, inapendeza kwa Raman. Vilele vyake viwili viko karibu na 385 na 405, na umbali kati yao ni kama 19 kwa tabaka moja na hufika karibu 25 kwa fuwele nene, jambo lililoonyeshwa 2010. Tumia kijani, 633 inagongana na nishati ya elektroni za nyenzo yenyewe na kukujazia vilele vya ziada ambavyo ni mada nzuri ya tasnifu lakini ni balaa kwa kuhesabu matabaka. Zaidi, tabaka moja la MoS₂ hung'aa lenyewe karibu na nanomita 670, kwa hiyo kwa leza ya kijani unasoma vilele na mng'ao kwa kipimo kimoja.

Nitridi ya boroni, inayotumika kama kitanda cha grafini, ina kilele karibu na 1366. Linganisha na D ya grafini, 1350. Wapo waliotangaza kasoro ambazo zilikuwa kitanda. Pima nitridi peke yake kwanza, kando ya grafini, kwenye chipu hiyohiyo.

Fosforasi nyeusi huoza hewani ukiitazama, hivyo chagua kifaa chenye chumba cha gesi ajizi kabla hujafikiria leza. Spektra yake hubadilika ukizungusha sampuli, na hiyo ndiyo njia ya kujua fuwele imeelekea wapi. Uliza kama hadubini ina kichujio cha kupanga mwelekeo wa mwanga.

Mirija ya kaboni, yaani grafini iliyoviringishwa, inageuza ushauri wangu wote wa leza. Kila mrija huitikia leza zinazolingana na nishati zake tu, kwa hiyo kwa kijani peke yake unaona baadhi ya mirija na mingine inakaa kimya. Hapa maabara yenye leza tatu au nne inashinda yenye kamera nzuri. Angalia pia kama kichujio kinaruhusu kushuka chini ya cm⁻¹ 100, maana kilele cha mrija kutanuka na kusinyaa, ambacho kwa makadirio ya kawaida ni 248 kugawa kwa kipenyo chake kwa nanomita, huwa chini kwa mirija minene. Kichujio hichohicho kinawafaa wa grafini wanaotaka kusikia matabaka yakiteleza moja juu ya jingine: kwa matabaka mawili ni karibu na 31, na kwa kinywe karibu na 43.

## Na vile vya mkononi?

Naulizwa hili na watu walioko mbali na maabara kubwa, kwa sababu Raman ya mkononi imeenea kwenye ukaguzi wa dawa bandia. NAFDAC, mamlaka ya chakula na dawa ya Nigeria, ilianza kuitumia 2010. Vingi ni vya 785, havina lenzi ya hadubini, na doa lao ni pana kuliko kipande chote cha grafini juu ya chipu. Kwa grafini, hapana. Kwa kinywe kutoka shimoni, ambapo unataka kujua tu kama unga mweusi mkononi ni kaboni iliyopangika vizuri au ni makaa yaliyosagwa, kinatosha kwa mchujo: kinywe kizuri kina G chembamba na D ndogo, makaa yana vyote viwili vipana, na huihitaji 2D. Punguza nguvu ya leza kabla ya kubonyeza, maana unga mweusi humeza mwanga wote na unaweza kuwaka moto hapo hapo.